Mgeni Ataacha Nini? Vyuo Vikuu Vyetu, Vibali vya Wageni na Somo la Historia

Likizo iliyopita nilikwenda Igowole, wilayani Mufindi, kumjulia hali mama. Siku ya pili nilipita ofisi ya mtendaji wa kijiji kufuatilia karatasi za shamba la familia. Nilimkuta kijana mmoja wa Kizungu, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, ameketi kwenye benchi amekumbatia bahasha. Ndani ya bahasha hiyo mlikuwa na kibali cha utafiti kutoka COSTECH, kibali cha ukaazi, barua ya mkoa, barua ya wilaya na barua ya mtendaji wa kata. Mtendaji wa kijiji alizisoma moja baada ya nyingine bila haraka, akaandika jina la mgeni katika daftari, akagonga muhuri. Kisha akamuuliza jambo ambalo halikuwamo katika karatasi yoyote kati ya zile: "Sasa mwanangu, ukishamaliza kutuuliza maswali yako, sisi utatuachia nini?"

Kijana alijibu kwa Kiswahili cha darasani kwamba tasnifu yake itapatikana kwenye intaneti. Wazee waliokuwa wameketi pembeni wakatazamana, wakanyamaza.

Swali lile nimerudi nalo chuoni, na halijaniacha. Wiki chache kabla ya safari hiyo tulikuwa na mkasa wetu wenyewe. Tulikuwa tumempata mwalimu kutoka nchi jirani, mtu aliyebobea katika nadharia za uandishi wa historia, aje kufundisha kwa mkataba. Barua zilikwenda, fomu zilijazwa, ada ililipwa. Muhula ulianza kibali hakijatoka. Ukafika katikati, kibali hakijatoka. Mwishowe mwenzetu alipata kazi kwingine, na mimi nikapewa kozi yake niifundishe juu ya kozi zangu. Niliifundisha kwa kusoma usiku kile nilichotakiwa kukieleza asubuhi. Wanafunzi hawakulalamika, lakini mimi najua walichokikosa. Sitataja chuo wala ofisi iliyohusika, kwa sababu nia yangu si kumsuta mtu. Nataka tuijadili kanuni yenyewe: imetoka wapi, inalinda nini, na inasahau nini.

Kwanza tuwe waadilifu kwa sheria. Hakuna taifa lisilo na mlango. Sheria yetu ya Uhamiaji ya mwaka 1995 inagawa vibali vya ukaazi katika madaraja matatu: A kwa wawekezaji na wanaojiajiri, B kwa walioajiriwa, na C kwa makundi mengine, wakiwamo wanafunzi, watafiti na watu wa kujitolea. Mwaka 2015 Bunge lilitunga Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, ambayo ilimpa Kamishna wa Kazi mamlaka ya kutoa vibali vya kazi. Tangu hapo mhadhiri wa kigeni anahitaji idhini mbili: ya kufanya kazi na ya kuishi. Mtafiti hupitia kwanza Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, halafu hushuka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye daftari la kijiji kama lile la Igowole. Ni mlolongo mrefu, lakini kila ngazi ina sababu yake.

Sababu hizo si za kubeza. Wapo vijana wetu wenye shahada za uzamivu wasio na ajira, na baadhi yao nimewasimamia mimi mwenyewe. Anayesema milango ifunguliwe tu, kila anayetaka aingie, hajakaa na kijana wa aina hiyo akamtazama machoni. Tena wapo wageni waliokuja kwa jina la utalii wakafanya kazi, na waliokuja kwa jina la utafiti wakachukua walichokichukua wakatokomea. Serikali inayowauliza wageni ni akina nani inatimiza wajibu wake.

Lakini historia ya vyuo vikuu ina upande mwingine, na sisi Watanzania tunapaswa kuujua kuliko wengi, kwa kuwa tulinufaika nao.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi 14. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Walimu wake wa mwanzo walikuwa karibu wote wageni. Isingewezekana kuwa vinginevyo, kwani mkoloni aliondoka bila kutuachia chuo kikuu hata kimoja. Jambo la kuzingatia ni wageni wa namna gani waliotujia, na kutoka wapi.

Profesa wa kwanza wa historia alikuwa Terence Ranger, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Rhodesia. Huko alijiunga na Waafrika katika kupinga ubaguzi, na mwaka 1963 serikali ya walowezi ikamfukuza nchini. Chombo kilichotumika kumnyamazisha kilikuwa sheria ya kuingia na kutoka nchini. Tanganyika, yenye miaka miwili tu ya uhuru, ikampokea. Akaanzisha idara iliyosema wazi kwamba Mwafrika ana historia yake kabla ya Mzungu, na kwamba historia hiyo inaweza kupatikana katika vinywa vya wazee. Mwaka 1968 wanafunzi wa idara hiyo walitumwa vijijini kusini mwa nchi kukusanya simulizi za vita vya Maji Maji. Vijana wa Kitanzania waliwahoji wazee wa Kitanzania, tena kwa lugha zao. Wale wazee hawapo tena leo. Maneno yao yapo.

Ranger aliondoka mwaka 1969. Mwaka huohuo kilitoka kitabu cha A History of Tanzania, kilichohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu. Ndani yake waliandika wageni na wenyeji bega kwa bega, lakini wahariri walikuwa Watanzania wawili. Kwa miaka sita tu idara ilikuwa imepata warithi.

Tumtazame mgeni mwingine, Walter Rodney wa Guyana. Alifundisha Dar es Salaam kwa mara ya kwanza mwaka 1966 hadi 1967, kisha akaenda Jamaika kufundisha katika Chuo Kikuu cha West Indies. Chuo hicho, kama kile chetu cha Afrika Mashariki wakati huo, kilikuwa mali ya eneo zima na si cha nchi moja. Oktoba 1968 Rodney alikwenda Montreal, Kanada, kwenye kongamano la waandishi weusi. Aliporejea tarehe 15 serikali ya Jamaika ilimzuia kushuka kwenye ndege. Hakushtakiwa mahakamani wala hakuachishwa kazi na chuo. Aliambiwa tu kwamba si raia, na nchi haimtaki. Kesho yake wanafunzi waliandamana Kingston, wakazi wa mitaa ya maskini wakaungana nao, na ghasia zikazuka. Chuo kilikuwa cha eneo zima, lakini mlango ulikuwa wa serikali moja. Mwenye mlango ndiye aliyeamua nani afundishe.

Mwaka 1969 Rodney alirudi Dar es Salaam, na mlango wetu ulimfungukia. Mwaka 1972 Tanzania Publishing House, kwa ushirikiano na Bogle-L'Ouverture ya London, ilichapisha kitabu chake cha How Europe Underdeveloped Africa, ambacho mpaka leo husomwa katika vyuo vya dunia nzima. Kitabu hicho kiliandikwa kwenye kilima chetu, na mtu ambaye nchi nyingine ilimwona ni hatari kwa sababu ya maneno yake.

Nisije nikaipamba historia. Desemba 1969, Rodney alipozungumza Dar es Salaam kwenye semina ya vijana kuhusu mapinduzi barani Afrika, gazeti la chama, The Nationalist, lilimkaripia kwa tahariri kali. Lilimkumbusha kwamba ukarimu wa Tanzania si ruhusa ya kuhubiri vurugu dhidi ya nchi nyingine za Afrika. Rodney alijibu kwa maandishi. Mabishano yalifanyika gazetini, mbele ya wasomaji, kisha mgeni akarudi darasani kuendelea na kazi yake hadi mwaka 1974. Hapo ndipo ninapoona ukubwa wa viongozi wa wakati ule: walikuwa na uwezo wa kumfukuza, wakachagua kumjibu. Hata hivyo mwaka 1970 serikali hiyohiyo ilikipiga marufuku chama cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto, USARF, pamoja na jarida lake la Cheche. Kwa hiyo hatukuwa malaika. Lakini tulijua kwamba kumkosoa mgeni na kumfungia mlango ni mambo mawili tofauti.

Orodha ni ndefu. Mahmood Mamdani alipoteza nchi yake mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia. Kuanzia mwaka 1973 alikuwa akifundisha Dar es Salaam. Ernest Wamba dia Wamba wa Kongo alikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980, na alipokwenda kwao kutembea mwaka 1981 utawala wa Mobutu ulimtia kizuizini. Aliachiwa, akarudi kwetu, akafundisha historia kwa miaka mingi. Tukijumlisha majina haya tunapata jambo la ajabu: sifa ya chuo chetu kikuu cha kwanza ilijengwa kwa sehemu kubwa na watu ambao nchi nyingine ziliwafungia milango. Kile walichokitupa wengine tulikiokota, tukakipanda, tukavuna.

Sasa turudi kwenye sheria ya leo, tujiulize: Rodney akiomba kibali mwaka huu, atawekwa wapi? Kanuni zilizofuata sheria ya mwaka 2015 ziliweka daraja maalumu la kibali cha kazi kwa taaluma zilizotajwa, miongoni mwake udaktari, mafuta na gesi, na ualimu wa sayansi na hisabati, hadi ngazi ya chuo kikuu. Mhadhiri wa historia hayumo. Anaangukia katika daraja la "taaluma nyinginezo". Silalamiki kwamba sayansi imepewa heshima, maana nchi inazihitaji hisabati. Nasema tu kwamba kanuni imeamua mapema ni elimu ipi yenye uhaba, na mwanafalsafa, mwanahistoria au mwanaisimu anapaswa kuanza kwa kujieleza kwa nini yupo.

Tatizo hili lina sura ya Afrika Mashariki pia. Katika miaka ya 1960 kijana wa Kenya au Uganda aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam, wa kwetu aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, na wa uhandisi alikwenda Nairobi. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alisomea sheria hapa kwetu. Yoweri Museveni alisoma hapahapa. Chuo hicho cha pamoja kilivunjwa katikati ya mwaka 1970, kila nchi ikabaki na chake. Jumuiya yenyewe ikafa mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983. Kizazi kizima cha wasomi kikakua bila kujuana.

Jumuiya ilipofufuka, Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, na kanuni zake zinataka kibali cha kazi kitolewe ndani ya siku 30. Lakini Ibara ya 10 inasema uhuru huo hauhusu ajira katika utumishi wa umma, isipokuwa sheria za nchi zikiruhusu. Na vyuo vyetu vikubwa ni vya umma. Hivyo uhuru uliotangazwa kwa shangwe unaweza kuishia getini mwa chuo. Mwaka 2017 wakuu wa nchi waliitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Tangazo hilo ni jema, lakini halijawa ufunguo wa mhadhiri aliyesimama dirishani na fomu zake.

Ndugu msomaji, ungeweza kudhani kwamba haya ni mambo ya Dar es Salaam tu, ya kilimani na wasomi wake. La hasha. Nyanda za Juu Kusini zina kumbukumbu zake za wageni wa vyuo vikuu, nazo ndizo zinazolipa uzito swali la mtendaji wa Igowole.

Mwaka 1935 kilichapishwa London kitabu cha Anthropology in Action, kilichoandikwa na mwanaanthropolojia Gordon Brown na ofisa wa serikali ya kikoloni Bruce Hutt. Kinahusu Iringa na Wahehe. Waandishi walitaka kujua namna elimu ya mila inavyoweza kumsaidia mtawala kutawala. Wazee waliohojiwa walitoa maarifa yao. Maarifa yakawa kitabu cha Kiingereza. Kitabu kikawasaidia wengine. Ukienda leo katika vijiji vya Iringa kuuliza nani amekisoma, utachoka kutembea.

Linganisha na mfano wa pili, ambao kwangu si wa vitabuni. Katika miaka ya 1980 watafiti wa chuo cha Silsoe, kilichokuwa sehemu ya Cranfield ya Uingereza, walianzisha kituo cha utafiti wa chai Ngwazi, hukuhuku Mufindi. Walitaka kujua mche wa chai unahitaji maji kiasi gani katika ule ukame wetu mrefu wa katikati ya mwaka, na ni aina zipi zinazouvumilia. Marehemu baba alikuwa kibarua huko. Kazi yake ilikuwa kusoma kipimo cha mvua kila asubuhi na kuandika tarakimu. Aliishia darasa la saba, lakini hadi anafariki alikuwa akiandika mvua ya Igowole katika daftari la shule, kwa mwandiko uleule, ingawa hapakuwa tena na wa kumlipa. Kazi ya kituo kile baadaye ilirithiwa na Taasisi ya Utafiti wa Chai Tanzania. Wageni waliondoka, lakini palibaki kituo, Watanzania waliofunzwa, na mzee mmoja aliyejua mvua ya mwaka 1991 ilitofautianaje na ya mwaka 1997.

Wote wawili, Brown na watu wa Silsoe, walikuwa wageni. Tofauti yao ni kile walichokiacha, na jambo hilo fomu zetu haziliulizi ipasavyo. Zinamuuliza mgeni anatoka wapi, atalipwa kiasi gani, ataondoka lini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunamkagua siku zote mbili, na ya tatu tunamwomba nakala nyingine ya picha ndogo.

Mbegu ya jibu imo katika sheria yenyewe. Sheria ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri wa mgeni awe na mpango wa urithishanaji, yaani aeleze namna Mtanzania atakavyoandaliwa kuishika kazi ile. Hilo ndilo lililofanyika katika idara ya historia kati ya Ranger na Kimambo, kabla sheria haijaota. Lakini nimeona mipango hiyo ikiandikwa: aya mbili zilizonakiliwa kutoka ombi la mwaka uliopita, na jina la mrithi ambaye mwenyewe hajui kama ametajwa. Lawama hiyo ni yetu sisi wa vyuoni, tusiitupie Uhamiaji.

Kwa hiyo napendekeza vyuo vianze. Kila mhadhiri mgeni aje akiwa na mwenzake wa Kitanzania wa kufundisha naye kozi moja, na jina la huyo mwenza liwe katika ratiba, si katika fomu tu. Kila mtafiti mgeni arudi kijijini na muhtasari wa Kiswahili, kurasa chache tu, na nakala ibaki katika ofisi ya mtendaji na shule ya kata. Vyuo vikitimiza hayo, vitakuwa na haki ya kudai upande wa pili: siku 30 ziwe siku 30 kwa mwalimu wa Afrika Mashariki, hata katika chuo cha umma, mtahini wa nje anayekuja kwa wiki moja asipitishwe njia ya mtu anayekuja kuajiriwa, na ofisi inayokataa ombi itoe sababu kwa maandishi, ili mtu ajue kama amekosa karatasi au amekosa kupendwa. Somo la Jamaika ya mwaka 1968 ni kwamba mlango usiodaiwa sababu siku moja hutumika kufungia fikra.

Najua watakaosema kwamba zama zimebadilika, kwamba wakati ule hatukuwa na wasomi na sasa tunao. Ni kweli tunao, na wengi wao walifundishwa na walimu waliofundishwa na wageni wale.

Nilipoagana na mama niliomba daftari la mvua la baba, nikalifunga vizuri nije nalo chuoni, linakiliwe na kuhifadhiwa. Mama alilishika kidogo kabla ya kunikabidhi. Akaniuliza, "Utalirudisha lini?" Nikamtajia tarehe, naye akaiandika ukutani kwa mkaa, jikoni, juu ya mafiga.